Kubeba, kupagaa na kupagazwa

Ukipita steji ya Kisumu utawasikia makanga wakiita, "Beba! Beba!" Hapo kinachobeba ni matatu, na mzigo ni abiria. Mwendeshaji bodaboda naye huambiwa, "Nibebe hadi Kondele." Kitenzi hiki, ambacho Waswahili wamekizoea sana kwa mtoto anayewekwa mgongoni, sasa kimemeza karibu jamaa zake wote. Mzigo mzito ulikuwa na vitenzi vyake: kuchukua, ndiposa tukapata mchukuzi na Wizara ya Uchukuzi, kusomba, ikiwa safari ni nyingi, kukokota, ndugu wa mkokoteni, na kupagaa, yaani kuchukua begani au kichwani, kulikotupa mpagazi. Wengi leo humjua aliyepagawa kwa pepo tu. Huo nao ni mzigo, ati!

Kiingereza mara nyingi hutosheka na 'carry'. Ajabu ni kwamba Kiswahili hakikukopa neno hilo kama kitenzi, bali lilitufikia kama jina la mahali: Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Yote mawili yalitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Hapa ndipo Nyanza inapoingia. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence, ilionekana kwamba enzi ya misafara ya wapagazi wa kutoka pwani imekwisha. Miaka 13 baadaye vita vikazuka, na kule Tanganyika mbung'o waliua wanyama wa mizigo huku magari yakikwama matopeni. Basi mabega ya watu yakatakiwa upya. Mwaka wa 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, alikabidhiwa kazi ya kukusanya wapagazi kwa wingi. Machifu walidaiwa vijana. Reli ileile iliyokuwa imeondoa upagazi sasa ikawasafirisha Wajaluo na Waluhya kwenda kupagaa. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo walizidi 40,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, nimonia na malaria.

Sasa tazama sarufi. 'Carrier' ni mwenye kubeba, basi. Neno halikwambii ni nani aliyemwekea mzigo. Kiswahili kinaweza kusema: pagaa, pagaza, pagazwa. Ndivyo ilivyo pia kwa kutwika. Mama muuza samaki wa Dunga hujitwika karai lake, au likimlemea humwambia mwenzake, "Nitwike," na akifika sokoni hutua. Kila hatua ina kitenzi chake, na kila mtu ana nafasi yake katika tendo.

Kwa hivyo mwanafunzi akiandika kwamba watu wa Nyanza "walibeba mizigo ya Waingereza", mwalimu hatapata kosa la kisarufi. Lakini Mwingereza amegeuzwa mwenye mizigo tu, kana kwamba hakumlazimisha mtu. Mimi ningependa kusoma "walipagazwa".

Mnamo 1916 wakubwa walibadilisha jina la kikosi kile, wakakiita Military Labour Bureau. Wananchi hawakulitia maanani. Soko la Nairobi wanakouza vyondo lingali Kariakor.