Fungu la Chombo

Kaskazini kabisa ya kisiwa cha Mafia, nje kidogo ya kijiji cha Bweni, umesimama mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Wajerumani waliujenga mwaka 1892, miaka miwili baada ya kisiwa kutoka mikononi mwa Sultani wa Zanzibar. Anayetaka kujua kama klabu ya mji mdogo inaweza kuwa klabu ya kulipwa na aanzie hesabu yake hapa, kwa sababu hapa hesabu ni ngumu kweli. Timu ya Bweni au ya kijiji cha Kanga ikishinda ligi ya wilaya, italazimika kushuka hadi Kilindoni katika kisiwa chenye urefu wa kilomita 50 hivi, ivuke bahari hadi Nyamisati, ndipo ishike njia ya bara kuwatafuta wapinzani wake wa Mkoa wa Pwani. Ikiwa bingwa wa mkoa, inaikuta Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, na juu ya hiyo First League, kisha Championship, kisha Ligi Kuu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 66,180 katika wilaya nzima ya Mafia, idadi inayozidi kidogo tu viti vya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wengi wakiiona hesabu hiyo husema kinachokosekana ni tajiri. Historia ya klabu za miji midogo ya Tanzania inanifanya niamini vingine: tajiri anaweza kuja na klabu ikafa, au ikaondoka naye.

Tuanze na Tukuyu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe uliozungukwa na migomba na chai, ilipanda daraja la juu na kutwaa ubingwa wa Tanzania msimu huohuo, mbele ya Simba na Yanga. Mwaka uliofuata ikashuka. Wachezaji waliong'ara walichukuliwa na klabu kubwa, na mji ukabaki na sifa ya kusimulia. Sioni sababu ya kuwalaumu vijana wale. Mchezaji asiye na mkataba wa kumshika wala mshahara wa kumtosha anakwenda kunakolipa, kama mwashi aendavyo kunakojengwa. Lililoumiza zaidi ni kwamba walipoondoka hawakuiachia klabu kitu cha kununulia wengine. Tukuyu ilikuwa na timu bora kuliko zote nchini, lakini timu na klabu ni vitu viwili.

Wavuvi wa Bweni wanaijua tofauti hiyo vizuri kuliko wasomi wa michezo, maana wanaiishi kila chombo kinapotia nanga. Samaki wakishauzwa, kwanza hutolewa gharama za safari: mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki hukatwa mafungu. Kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, kisha mafungu ya mabaharia, na nahodha huongezewa lake. Fungu la chombo halijadiliwi, hata siku ambayo samaki hawakujaa ndoo mbili. Chombo hakivuti kamba wala hakipigi kasia, lakini kinakula, kwa sababu kina siku yake ya kupandishwa pwani. Siku hiyo fundi hupita na patasi na nyundo mshono kwa mshono, akishindilia pamba iliyolowa mafuta mpaka ubao usinywe maji, na chini hupakwa deheni ya chokaa na shahamu ili wadudu wasitoboe. Mabaharia wakigawana kila kitu msimu mzima, chombo kitavuja, na baharia hodari atahamia chombo kingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Tukuyu. Klabu ya kulipwa, kwa maana ninayoitumia hapa, ni ile ambayo fungu lake hutengwa kabla ya posho ya yeyote: uwanja, timu ya vijana, mhasibu, ada za usajili, nauli za ugenini.

Kuna swali la pili ambalo mgao peke yake haulijibu: chombo chenyewe ni cha nani? Jibu liko wilayani Mbarali. Klabu ya Ihefu ilitoka Ubaruku, katika bonde la mpunga la Usangu, na tarehe 29 Novemba 2022, kwenye uwanja wa Highland Estate, iliifunga Yanga 2-1 na kukata mwendo wake wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Hakuna timu ya jiji iliyokuwa imeweza. Msimu wa baadaye ikaifunga tena hapohapo. Kabla msimu huo haujaisha, klabu ilikuwa imehamishiwa Singida, na katikati ya 2024 ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Singida nayo iliaga klabu nyingine mwaka huohuo, kwani Fountain Gate ilikwenda Babati. Hakuna sheria iliyovunjwa, na mwenye mali ana haki ya kuhamisha mali yake. Ila watu wa Ubaruku waliokuwa wakijaza uwanja hawakuwa na karatasi yoyote iliyosema kwamba sehemu ya klabu ile ni yao. Walikuwa abiria, na chombo kilipogeuza tanga hawakuulizwa.

Namungo ya Ruangwa inanipa matumaini zaidi, pamoja na hofu. Ilianza kama timu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu katika kijiji cha Namungo, ikafika Ligi Kuu mwaka 2019, na msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya nne na kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mjini Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2-1. Kwa kuwa Simba ilitwaa pia ligi, Namungo ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika na kuitoa 1º de Agosto ya Angola hadi kuingia makundi. Huko ilikutana na Raja Casablanca na Pyramids, ikapoteza mechi zote sita, lakini imebaki Ruangwa. Kilichoishika pale ni uwanja. Ukiwa na uwanja nyumbani unaokubaliwa na Bodi ya Ligi, klabu ina pa kukaa, na muuza kahawa wa mji ana siku ya kuuza. Hofu yangu ni kwamba uwanja huo una jina la Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa na Waziri Mkuu hadi 2025. Kila mlezi wa klabu ana siku yake ya kustaafu, na klabu ya mji haina budi kujiandaa kwa siku hiyo mapema.

Najua atakayesema kwamba wanachama ndio ugonjwa wenyewe. Atataja mgogoro wa Yanga uliozaa Pan African mwaka 1976, na mikutano mikuu iliyoishia mahakamani. Kisha atataja Azam, iliyoanzishwa 2004 ndani ya kampuni, ikapanda Ligi Kuu 2008, ikajenga Chamazi na kutwaa ubingwa wa 2013/14 bila kufungwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Azam ilizaliwa ikiwa ya kampuni, na kampuni iko Dar es Salaam na haihami. Haikuchukua kitu cha mtaa. Kuhusu wanachama, kilichozigombanisha klabu zile ni mali isiyogawanywa, ambapo kila mwenye kadi alidai yote na hakuna aliyejua fungu lake. Wanachama wa Simba walipokubali mfumo wa asilimia 51 kwao na 49 kwa mwekezaji, kwa Sh bilioni 20, walau fungu lilipata namba. Atakayejibu kwamba hakuna mwekezaji atakayekuja Mafia kwa asilimia 49, nakubaliana naye kwa leo. Hata mkataba wa 2021 wa Azam Media kurusha Ligi Kuu, Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10, hauifikii ligi ya wilaya.

Lakini ipo fedha isiyosubiri mwekezaji, nayo inaanza na daftari. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu alipotimiza miaka 12 hadi 23, kila moja kwa misimu yake. Mbwana Samatta alipohama Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, kanuni hiyo ilizihusu klabu zilizomsajili ujanani. Klabu isiyo na usajili haina cha kudai, hata kama mji mzima unakumbuka mtoto alikuwa akicheza winga gani. Kwa hiyo katiba ya klabu ya kaskazini mwa Mafia ingepaswa kuandikwa kabla ya jezi kununuliwa: isajiliwe, iseme hisa zisizouzika ni za vijiji vipi, klabu haihami kisiwa bila kura yao, na fungu la chombo ni kiasi gani katika kila shilingi inayoingia. Kisha wasajiliwe watoto wa Bweni na Kanga waliotimiza miaka 12 mwaka huu, kila mmoja kwa jina lake kamili na tarehe yake ya kuzaliwa.