Wimbo wa Sauti Chache

Leo nataka tufikiri juu ya mtu aliyemwimbia Mungu katika nchi iliyoharibiwa na vita. Jina lake ni Heinrich Schütz. Wengi wamesikia habari za Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa mwaka 1685. Schütz alimtangulia kwa miaka 100 kamili, maana yeye alizaliwa mwaka 1585. Wote wawili ni watunzi wa zama zile ambazo wanamuziki huziita Baroki.

Schütz alizaliwa Köstritz, Ujerumani, na jamaa yake wakahamia mji wa Weissenfels, ambako baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Mwaka 1598 mtawala mmoja, Moritz wa Kassel, alilala hapo, akamsikia kijana huyo akiimba. Akawasihi wazazi wampe mtoto wao apate kumsomesha. Walisita, lakini mwaka uliofuata wakakubali. Kijana alipokua alianza kusoma sheria, kwa kuwa wazazi hawakutaka ategemee muziki kwa riziki yake. Ndipo mwaka 1609 Moritz akamlipia safari mpaka Venice, Italia, akafundishwa na Giovanni Gabrieli. Huko alijifunza kutunga nyimbo za makundi mengi ya waimbaji na vyombo, kundi moja likilijibu jingine.

Gabrieli alikufa mwaka 1612, na Schütz akarudi kwao. Haukupita muda mrefu akawekwa kusimamia muziki wa mtawala wa Saxony katika mji wa Dresden. Mwaka 1619 alitoa kitabu chake kikubwa cha Zaburi za Daudi, kilichojaa sauti nyingi, kwaya juu ya kwaya. Mwaka huo huo alimwoa Magdalena Wildeck. Mambo yake yote yalikuwa mazuri.

Lakini Vita vya Miaka 30 vilikuwa vimekwisha kuanza mwaka 1618. Na kabla vita havijamfikia, msiba ulimfikia. Mwaka 1625 Magdalena alikufa, akamwachia binti wawili wadogo. Katika huzuni ile Schütz alishika kazi ya kutia sauti Zaburi zilizotungwa kwa mashairi, nyimbo fupi na rahisi, akazitoa mwaka 1628. Mwenyewe alisema kwamba kazi hiyo ilimfariji. Hakungoja apone ndipo aimbe. Aliimba akiwa bado analia.

Mwaka 1631 Saxony yenyewe iliingia vitani. Fedha zilikwenda kwa majeshi, na waimbaji wa Dresden wakakaa bila mishahara. Wengine walikufa, wengine wakaondoka. Schütz mwenyewe alikwenda Denmark kwa muda, akarudi. Ile kwaya kubwa haikuwapo tena. Je, mtu aliyezoea sauti nyingi namna ile atafanya nini akibaki na waimbaji wachache tu?

Ndugu msikilizaji, hapa ndipo penye fundisho letu. Mwaka 1636, na tena mwaka 1639, Schütz alitoa vitabu vya nyimbo ndogo za kiroho. Alizitunga kwa sauti moja, au mbili, au tatu, zisizidi tano, pamoja na kinanda. Alieleza kwamba vita vimeudhoofisha muziki, lakini hakupenda talanta aliyopewa na Mungu ikae bure. Aliwatungia watu waliokuwapo, wala hakuwangoja wale walioondoka. Na nyimbo hizo si masalio ya mezani: waimbaji huzipenda mpaka leo.

Vita vilikwisha mwaka 1648, lakini taabu haikwisha. Mwaka 1651 alimwomba mtawala ampumzishe, naye hakukubaliwa. Mwimbaji wake mmoja alikuwa maskini hata akaweka nguo zake rehani, na Schütz alimtetea mbele ya wakubwa. Binti zake wote wawili walimtangulia kufa, mmoja mwaka 1638 na wa pili mwaka 1655. Alipata nafuu ya kazi baada ya mtawala huyo kufa mwaka 1656. Masikio yake yakawa mazito, lakini mwaka 1671 alimaliza kutunga Zaburi ya 119 nzima, kwa kwaya mbili. Aliuchagua mstari wa 54 wa Zaburi hiyo uhubiriwe kwenye mazishi yake, ule unaohusu nyimbo za mtu aliye safarini ugenini. Akafa tarehe 6 Novemba 1672, mwenye umri wa miaka 87. Kanisa alimozikwa lilibomolewa mwaka 1727 ili lijengwe jipya, na kaburi lake likapotea.

Mpendwa, pengine zamani kwaya yenu ilijaa viti vyote, na leo mmebaki mama wawili na mzee mmoja. Pengine nyumba yako ilikuwa na watu wengi mezani, na sasa mmebaki wachache. Usiseme, tutamwimbia Bwana wakirudi wale wengine. Hesabu sauti zilizopo jioni ya leo, kisha uwape wimbo wanaouweza.

Na tuombe. Ee Bwana, utufundishe kukutumikia kwa kile kilichobaki mikononi mwetu, wala tusikizike ardhini kwa sababu ni kidogo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.