Mbio Ndefu za Olimpiki na Watu wa Kwetu

Wasomaji wetu wa Magomeni na vijiji vyote vya Kilosa wamekwisha kulisikia jina la Olimpiki, na wengine huulizana ni mchezo gani huo hata mataifa yakatumia fedha nyingi namna ile kwa ajili yake. Tumeona vema kuandika machache ya habari zake, hasa yale yawahusuyo watu wa nchi hii. Maana vijana wetu hujua majina ya wacheza mpira wa ng'ambo kuliko majina ya wakimbiaji wa Mbulu na Singida.

Asili yake ni nchi ya Wayunani. Mahali paitwapo Olimpia watu walikusanyika kila mwaka wa nne kumheshimu mungu wao Zeu, na orodha ya washindi yaanza mwaka 776 kabla ya Kristo. Mshindi alivikwa taji la majani ya mzeituni mwitu. Mashindano ya jinsi hiyo yalikuwako karibu na Korintho pia; kwa hiyo Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho habari za wapigao mbio, hakuwa na haja ya kuwaeleza maana ya maneno yake. Baadaye mashindano yale yakakoma, yakalala miaka elfu na zaidi, hata Mfaransa Pierre de Coubertin alipoyaamsha, yakafanyika Athene mwaka 1896.

Katika mbio zote iliyo ndefu ni ile iitwayo marathoni. Husimuliwa kwamba mwaka 490 kabla ya Kristo Wayunani waliwashinda Waajemi huko Marathoni, na tarishi mmoja akakimbia mpaka Athene, akatoa habari ya ushindi, akaanguka akafa. Hadithi ni nzuri, lakini Herodoto, aliyeandika habari za vita vile mapema kuliko wengine, haitaji. Yeye asema tarishi alitumwa Sparta kuomba msaada, safari iliyo ndefu mno kuliko ile. Kufa kwake kuliandikwa na watu waliozaliwa mamia ya miaka baadaye. Hata hivyo watu waliipenda hadithi kuliko historia, ndipo mbio zikaitwa kwa jina hilo. Urefu wake haukuwa na kipimo kimoja hata mwaka 1908, ulipopimwa toka ngome ya mfalme ya Windsor mpaka uwanja wa London, ukawa maili 26 na yadi 385. Na mwaka 1921 kipimo hicho kikawekwa kuwa sheria. Ni zaidi ya nusu ya njia itokayo Kilosa mjini kwenda Mikumi kwa kupita Ulaya (Ulaya yetu, si ile ya Wazungu).

Watu wa nchi hii walikwenda Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1964, huko Tokyo. Walirudi mikono mitupu, wala hapana la ajabu katika hilo. Miaka minne baadaye, katika mji wa Meksiko, alikuwako John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Mji ule uko juu, zaidi ya futi 7,000 toka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Tarehe 20 Oktoba 1968 watu 75 walianza marathoni. Akhwari alipokwisha kukimbia karibu nusu ya njia, wakimbiaji wakisukumana kutafuta nafasi, alianguka vibaya. Goti likatenguka, na bega likaumia. Akafungwa kitambaa, akaondoka tena, mara akichechemea, mara akitembea. Watu 18 waliacha njiani.

Mamo Wolde wa Uhabeshi alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Washindi wakavikwa nishani, watu wakaanza kwenda zao, jua likachwa. Ndipo Akhwari alipoingia uwanjani na kitambaa chake mguuni, taa zikiwaka, mbele ya watu wachache waliosalia. Nao wakasimama wakampigia makofi kana kwamba ndiye wa kwanza. Alikuwa wa 57, ndiye wa mwisho wa wote waliomaliza, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumpeleka mbali namna ile ili aanze mbio, bali ili azimalize. Wengi humhurumia Akhwari kama mtu dhaifu aliyejitahidi. Huko ni kumpunja. Mwaka 1970, katika mashindano ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni, kwa saa 2 na dakika 15.

Sasa tuje kwa Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 akiwa mbele toka mwanzo hata mwisho, jambo lililohesabiwa kuwa upumbavu na wajuzi wa mbio, maana atanguliaye huwavunjia wenzake upepo. John Walker, mwana wa nchi ile, alimfuata karibu asimpate. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32 na sehemu 2 za kumi, na hapana mtu duniani aliyekuwa amepata kukimbia mwendo huo upesi hivyo. Dunia ikangoja wakutane tena Montreal mwaka 1976.

Hawakukutana. Mwaka ule timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, kwa serikali ya ubaguzi, wakati uleule wanafunzi wa Soweto walipokuwa wakipigwa risasi. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand itolewe, wakuu wa Olimpiki wakakataa wakisema raga si mchezo wao. Basi nchi zaidi ya ishirini hazikushiriki, na Tanzania mojawapo. Walker akashinda kwa dakika 3 na sekunde 39, mwendo wa pole kwa watu wa kipimo chao. Sisi twaona nchi yetu ilifanya haki. Lakini gharama ya haki ile ililipwa na kijana wa miaka 23, wala hapana aliyeweza kumrudishia mwaka ule.

Mwaka 1980 huko Moscow Bayi alipata nishani ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Hata baada ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Tanzania ilikuwa haijapata nyingine zaidi ya hizo mbili. Bayi na mkewe baadaye walianzisha shule.

Nje ya Olimpiki habari ni njema zaidi. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Na tarehe 15 Septemba 2025, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida na Amanal Petros wa Ujerumani walifika mwisho wa maili 26 bega kwa bega, wote kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi waamuzi watazame picha. Simbu alikuwa ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde moja.