Filamu Yenye Kumbe

Juu Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ukungu ukishashuka watu hukaa ndani, na filamu ya kuchezea akili hupata watazamaji watulivu. Jioni moja tuliitazama Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, sebuleni kwa shangazi. Mwanamke tuliyekuwa tunamfuata tangu mwanzo akauawa bafuni, filamu haijafika hata nusu. Shangazi akanigeukia: "Mwanangu, steringi anakufaje?"

Swali hilo limebeba nadharia nzima. Steringi, jina lililozoeleka kwenye mabanda ya video, si mhusika mkuu tu. Ni mtu mwenye dhamana. Atapigwa, atatekwa, atavuja damu, ila hafi. Kila mtoto aliyewahi kuchungulia bandani anajua hivyo. Mhusika mkuu wa vitabu vya fasihi hana dhamana hiyo. Anaweza kufa katika sura ya pili na msomaji asidai kitu. Hitchcock alivunja agano la steringi, na Kiswahili cha bandani kinalieleza kosa hilo la makusudi vizuri kuliko Kiswahili cha darasani.

Darasani tuna taharuki. Nalipenda neno hili, maana asili yake ya Kiarabu ni kusogea, kutotulia, na ndivyo moyo unavyokuwa. Lakini magazeti yamelichosha: moto wazua taharuki, chui azua taharuki. Huko ni hofu ya umati, ya ghafla, inayoisha jioni. Taharuki ya filamu ni ya mtu mmoja mmoja, huja polepole na hulala nawe. Kwa sababu hiyo sikubali filamu hizi ziitwe za kutisha. Ya kutisha hukuonyesha jini. Hii hukuonyesha kijana mpole anayemkaribisha mgeni chakula, nawe hutulii. "Filamu ya kisaikolojia" ni sahihi lakini baridi. "Ya kuchezea akili" inataja anayechezewa, yaani sisi tuliokaa mbele ya kioo.

Sasa lile pigo la mwisho, pale hadithi inapojigeuza. Wapo wanaoliita mgeuko au mpinduko. Maneno hayo yanaeleza kilichoipata hadithi. Kilichompata mtazamaji tunakisema wenyewe bila kufundishwa: kumbe! Kumbe si ghafla. Ghafla huleta jambo jipya. Kumbe hurudi nyuma na kusema jambo lilikuwa hivyo siku zote, nasi tulilitazama bila kuliona. Ukisema "kumbe ni ndugu yake," hakuanza undugu leo.

Mtu wa Tanga aliyelijua hili ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, 1909. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, liwali mwadilifu huwachapa viboko nyani wawili kila usiku, ingawa roho inamuuma. Kwa nini mtu mwema afanye ukatili huo? Kumbe nyani wale ni ndugu zake waliomsaliti wakageuzwa. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye jalada, ndani ya jina la kitabu! Hiyo ndiyo kumbe halali: dalili zimewekwa waziwazi, msomaji akazipita. Kumbe isiyo na dalili ni ulaghai, kama zile filamu zinazomalizia na mtu kuamka usingizini, kumbe yote ilikuwa ndoto. Hapo mtazamaji hakuzidiwa akili, ameibiwa muda.

Psycho ilipotoka, Hitchcock alitaka majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza. Alikuwa akiilinda kumbe yake. Sisi tuna kitenzi kimoja kinachotosha: usinihadithie. Shangazi alimwambia hivyo binamu yangu aliyekwisha kuiona, na mimi nami sikuhadithii mwisho wake.

Ombi langu ni kwa wanaotunga kamusi za istilahi za fasihi na filamu. Kumbe iingizwe kama nomino, kando ya taharuki na kilele, na steringi asiachwe nje kwa kuwa alitokea bandani. Mhakiki akiandika kwamba filamu fulani ina kumbe mbili, na ya pili haina dalili, msomaji wa Muheza, Pangani au Mombasa atamwelewa mara moja.