Doa jekundu la kuzaliwa: picha zinavyomwongoza daktari wa leza

Wadau, mnalikumbuka lile doa kwenye kipara cha Mikhail Gorbachev, rais wa mwisho wa Umoja wa Kisovieti? Wengi wanalo, na si laana wala si kosa la mama alipokuwa mjamzito. Ni vimishipa vya damu vilivyotanuka ndani ya ngozi. Watoto kama 3 kwa kila 1,000 wanazaliwa nalo. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waligundua kuwa mara nyingi chanzo ni badiliko la jeni ya GNAQ, linalotokea mtoto akiwa tumboni. Halirithiwi.

Tiba yake ni leza. Kanuni ilielezwa mwaka 1983 na Anderson na Parrish: tumia mwanga unaonyonywa na damu, piga kwa muda mfupi mno, mshipa uungue na ngozi ya jirani isalimike. Inayotumika sana ni ya nanomita 585 au 595.

Tatizo ni kwamba vimishipa havilingani. Vingine vyembamba, vingine vinene, vingine viko chini zaidi, na jicho la daktari linaona wekundu tu. Hapo ndipo picha zinaposaidia:

1. OCT (ilianza 1991). Ni kama ultrasaundi, ila inatumia mwanga badala ya sauti. Inaona milimita 1 hadi 2 ndani ya ngozi, hivyo daktari anajua unene na kina cha mshipa. Mshipa mnene unataka pigo la muda mrefu zaidi.

2. Kamera ya mtiririko wa damu. Inaonyesha palepale wapi damu bado inatembea, ili parudiwe. Beckman Laser Institute ya Irvine, California, wameifanyia kazi sana.

Sasa sisi wenye ngozi nyeusi tusikilize: melanini nayo inanyonya mwanga huo, kwa hiyo ni rahisi kuungua na kubaki na makovu. Kabla hujalala kitandani, muulize daktari kama ameshatibu ngozi kama yako, na kama mashine inapoza ngozi.

Tusidanganyane, inahitaji kwenda mara nyingi, na kwa wengi doa linafifia tu, haliishi kabisa. Picha hizi pia bado hazipo kila kliniki. Mkorogo ndiyo usiguse, hautibu mishipa hiyo.

La mwisho, na ndilo kubwa: mtoto akiwa na doa kwenye paji la uso au kope, mpelekeni hospitali mapema akapimwe macho, na ubongo kwa MRI daktari akiona inafaa. Linaweza kuambatana na degedege na presha ya macho.

Nawasilisha. Mwenye swali atupie hapo chini.