Gari la 1990, jiko la Shauri Moyo na ile hoja ya "wahandisi wetu wako wapi?"

Kila mdahalo wa kampeni ukifika kwa ajira za vijana, lazima mmoja aulize: tuna wahandisi wengi hivi, mbona hatuundi gari letu? Ukumbi unashangilia. Mwenzake anajibu kwamba serikali ijitoe, wafanyabiashara watajipanga wenyewe. Ukumbi unashangilia tena, watu wale wale.

Shida ni kwamba gari tulishaunda. Wengi wetu hapa hatukuwa tumezaliwa, kwa hivyo kaeni kitako, uzi ni mrefu kidogo. Sheria ni ile ile: hatutaji mwanasiasa wala chama, hata kama jina la gari lenyewe linakaribia kumtaja mtu.

Mwaka wa 1986 agizo lilitoka juu kabisa. Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari. Liwe na sura mbaya, liende polepole, haidhuru, bora liwe la Kenya. Wahandisi wa chuo wakaingia kazini, na karakana za reli zikasaidia kwa sababu huko ndiko kulikuwa na mashine kubwa na mafundi waliozizoea. Mwaka wa 1990 Nyayo Pioneer likazinduliwa. Yalikuwa magari matano ya majaribio, na yalifika kilomita 120 kwa saa.

Kwa hivyo wale mnaokuja kwa komenti kusema wahandisi wetu wanajua makaratasi tu, tafadhali. Kazi waliyopewa waliimaliza.

Kilichokwama ni kilichofuata. Shirika la umma lilianzishwa ili liyaunde kwa wingi, lakini pesa za kufanya hivyo hazikupatikana. Hakuna mwananchi aliyewahi kuingia dukani akanunua hilo gari. Kufikia 1994 mradi ulikuwa umegeuka kuwa Numerical Machining Complex, kiwanda cha kuchonga vipuri vya mashine.

Watu husema ni siasa ndiyo iliua gari. Sikatai. Lakini mimi naona jibu hilo ni rahisi mno, na linatufanya turudie kosa lile lile. Angalieni soko la wakati huo. Tangu miaka ya sabini kulikuwa na viwanda vya kuunganisha magari Thika, Mombasa na Nairobi. Sehemu zilikuja kwa makasha kutoka ng'ambo, zinaunganishwa hapa. Nyuma ya viwanda hivyo kulikuwa na wauzaji, gereji, spea, na makampuni makubwa ya nje yaliyochora gari na kulipia makosa yake. Gari la chuo lilikuwa na nini? Lilikuwa na wahandisi na agizo. Nani angeuza kioo cha mlango? Nani angekuletea bolti elfu kumi zinazolingana? Likikufia Nakuru usiku, fundi gani analijua? Halafu miaka ya tisini soko likafunguliwa, magari ya mitumba yakaingia kwa wingi, hata hivyo viwanda vya kuunganisha vikaanza kulia.

Sasa twendeni upande mwingine wa mji, miaka ile ile.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini kulikuwa na wasiwasi juu ya makaa. Miti inaisha, na jiko la bati la kawaida linakula makaa ovyo. Watu wa nishati wakachukua wazo la jiko la Thailand lenye udongo ndani, wakalichanganya na jiko letu la bati. Likatokea lile jiko lenye kiuno ambalo pengine liko kwenu hata sasa: bati nje, udongo wa kuchoma nusu ya juu, kiuno kimeushikilia usidondoke. Kuna fedha za wafadhili zilizoingia hapo, na wataalamu wenye digrii pia, tusidanganyane kwamba lilianguka kutoka mbinguni.

Tofauti ni walipolipeleka. Walilipeleka kwa mafundi wa jua kali, Shauri Moyo na kwingineko, watu ambao tayari walikuwa wanauza majiko kila siku. Mmoja anakunja bati, mwingine anafinyanga udongo, wa tatu anauza kando ya barabara. Hakukuwa na ruzuku ya kushusha bei. Majiko ya kwanza yalikuwa ghali, kama dola 15, na mengi yalipasuka. Akina mama walirudi wakilalamika, na mafundi hawakuwa na pa kujificha. Wakarekebisha. Jirani akaiga, akashusha bei, mwingine akaiga huyo. Baada ya miaka kadhaa jiko lilikuwa linauzwa kwa dola chache tu, na likavuka mipaka hadi Uganda, Tanzania na Rwanda.

Najua gari si jiko. Gari lina sehemu maelfu na linaweza kuua mtu. Lakini hoja yangu si kwamba tubaki na majiko. Ni kwamba mhandisi wa jiko aliunganishwa na fundi, muuzaji na mnunuzi tangu siku ya kwanza, na mhandisi wa gari aliunganishwa na ofisi iliyotoa agizo. Ofisi ikibadilisha mawazo, kwisha.

Na hapa wote wawili jukwaani wamekosea. Anayetaka serikali iagize anasahau 1990. Anayetaka serikali ijitoe anasahau kwamba jiko lilianza na pesa za miradi, na kwamba mwaka wa 1985 mafundi wa Kamukunji walikuwa wanagonga chuma juani mpaka kiongozi wa nchi alipofika akaahidi mabanda.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya rafiki yangu tuliyekaa naye chumba kimoja hosteli. Amemaliza uhandisi wa mitambo. Kisheria, ili asajiliwe kuwa mhandisi kamili, anahitaji angalau miaka mitatu ya kazi ya vitendo, na mhandisi aliyesajiliwa wa kumsimamia. Sheria ni nzuri, sitaki daraja lichorwe na mtu wa kubahatisha. Lakini hiyo miaka mitatu unaifanyia wapi kama viwanda ni vichache na hujui mtu ndani? Mwenye mjomba kiwandani anaanza Jumatatu. Rafiki yangu ametuma barua mpaka amechoka kuzihesabu. Sehemu moja walimwambia aje afanye bure, nauli ajitegemee.

Saa hii anashinda Kamukunji, kwa mzee mmoja anayeunda mashine za kukata majani ya ng'ombe. Mzee hakupita chuo. Kijana anamchorea vipimo ili visu vya mashine moja viingie kwa nyingine, kitu ambacho awali hakikuwa kinawezekana, na wateja wa Kiambu wameanza kuuliza visu vya akiba peke yake. Analipwa kidogo kwa kila mashine. Ila kwa upande wa usajili, siku hizo zote hazihesabiwi, kwa sababu mzee si mhandisi.

Mdahalo ujao ni wiki ijayo. Kama kuna mtu hapa ana njia ya kupeleka swali kwa mtangazaji, naomba apeleke hilo la huyu kijana.