Kanda zisizo na ruhusa: Freddie wa Unguja kwenye kibanda umiza cha Tukuyu

Septemba 5, 2026, Freddie Mercury angetimiza miaka 80. Alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Mparsi aliyeshika fedha za Mahakama Kuu enzi za Mwingereza. Mimi sikuonana naye Unguja. Tulionana Tukuyu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwenye kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, kilichokuwa nyuma ya stendi, na aliyetukutanisha ni mvua.

Anayeijua mvua ya Rungwe hahitaji maelezo. Siku hiyo ilipiga bati mpaka risasi za filamu ya kivita zikawa hazisikiki. Watu wakaanza kudai hela zao. Kaka mwenye kibanda akachomoa mkanda kwenye deki, akachomeka mwingine ambao kwenye karatasi yake alikuwa ameandika kwa kalamu "Wazungu kelele". Kelele hizo ziliishinda mvua. Ulikuwa mkanda wa Queen, bendi ya Freddie, wakiwa uwanja wa Wembley, Julai 1986, nakala iliyonakiliwa kutoka nakala nyingine, rangi zimechujuka kiasi kwamba lile koti la njano la mwimbaji lilionekana kama kaki ya mgambo. Pale kibandani hakuna aliyejua kuwa yule "Mzungu" mwenye masharubu ni mtoto wa Shangani.

Mkanda ule ulikuwa wa wizi, tusizunguke. Lakini upo ukosefu wa ruhusa wa aina nyingine, ambao London umegeuzwa biashara halali: filamu ya historia ya bendi inayotengenezwa bila bendi yenyewe kuridhia. Mwaka 2005 ilitoka moja kuhusu miaka ya mwanzo ya Queen, *Queen: Under Review 1973–1980*, ikinadiwa kama uchambuzi huru. Ni moja katika mlolongo mrefu wa filamu kama hizo kuhusu bendi na waimbaji wakubwa.

Mlango zinakopitia uko kwenye Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988. Inakubali kipande cha kazi ya mtu kitumike kwa ajili ya uhakiki, mradi matumizi yawe ya haki na mwenye kazi atajwe. Ndiyo maana filamu hizi zina sura moja. Wimbo ukianza kunoga, unakatwa. Anatokea bwana mmoja amekaa mbele ya rafu ya vitabu, anakueleza kwa nini ulikuwa unanoga. Wahakiki, waandishi na watu waliowahi kufanya kazi na bendi ndio wanaojaza saa nzima, kwa sababu maneno yao ni rahisi kuliko dakika tatu za muziki wenye mwenyewe.

Bendi zenyewe hazizipendi, na ni haki yao. Lakini tutazame zile zenye baraka. *Bohemian Rhapsody* ya mwaka 2018, ambayo Brian May na Roger Taylor wa Queen walishiriki kuitengeneza, inamwonyesha Freddie akiwaambia wenzake kuhusu ugonjwa wake kabla ya onyesho la Live Aid la Julai 13, 1985. Wanaoandika maisha yake wanasema alipimwa na kujulikana kuwa na virusi vya Ukimwi mwaka 1987. Ruhusa haikuizuia filamu kupindisha tarehe. Unguja nayo imetajwa kwa mdomo tu, kama mahali watu walipotoka mbio.

Niseme na upande wa pili. Filamu iliyojitahidi kufika kwao, *The Untold Story* ya mwaka 2000 ya Rudi Dolezal na Hannes Rossacher, ilikuwa kazi ya watu waliopokewa vizuri na kambi ya Queen. Humo ndimo utoto wa Unguja na shule ya bweni ya Panchgani, India, vilipopewa nafasi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ilihamia Feltham, Uingereza. Bendi ikaundwa mwaka 1970. Novemba 24, 1991, akafariki. Hayo kila mtu anayasimulia.

Yasiyosimuliwa sana ni ya Septemba 2006. Mgahawa wa Mercury's, pale ufukweni Mji Mkongwe, ulipanga sherehe ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake. Jumuiya ya Uamsho ikapinga. Hoja yake haikuwa muziki. Ilisema kumsherehekea mtu ambaye dunia inajua alikuwa na wapenzi wanaume ni kuudhalilisha Uislamu na maadili ya Wazanzibari, na ikatishia kuandamana. Miaka miwili tu kabla, Zanzibar ilikuwa imekaza sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Sherehe ikafutwa. Magazeti ya nje yakaandika kwa kejeli, sherehe haikuwapo, wala kumbukumbu yenyewe haikuzungumzwa tena kwa utulivu. Wakati huohuo mtalii akipita Shangani alionyeshwa nyumba hii na ile, kila moja ikiapa kuwa ndiyo aliyoishi Freddie. Jina lilikuwa halali dukani na haramu ufukweni! Ilichukua mpaka Novemba 24, 2019, Unguja kupata makumbusho yake.

Turudi kwenye ruhusa. Kwa sheria zetu, Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliyoizaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Zilihitajika. Wanamuziki wetu wengi wamezeeka maskini huku kanda zao zikiuzwa kila stendi, na siwezi kumtetea aliyewanyonya. Ila nikubali pia kuwa mara nyingi kilichobaki ni kile kilichonakiliwa bila kuulizana.

Mwaka uleule wa 1986 ambao Queen walirekodiwa Wembley, Tukuyu Stars, Banyambala wetu, walitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania. Wembley kulikuwa na kamera kila kona. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Mtoto wa Tukuyu leo anaweza kumwona Freddie akivaa taji na joho mwisho wa onyesho lile, kwa picha safi kuliko ya kibanda chetu. Nahodha wa Banyambala akipokea kombe atamwona wapi?

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu wa Tukuyu, Kiwira, Katumba na Masoko. Kanda za VHS hupata ukungu upesi kwenye unyevu kama wetu. Kama una mkanda wowote chini ya kitanda, wa harusi, wa kwaya, wa mechi, hata kama hujui aliyeupiga na wala hakuna aliyekupa ruhusa, usiutupe. Usiuanike juani, joto linaukunja. Uweke mahali pakavu, umesimama wima ndani ya boksi lake. Kisha mtafute mwenye deki inayofanya kazi, maana mafundi wa deki nao wamebaki wachache.